MISTARI YA IDROJENI NA NYOTA YA KUSINI
Namna elimu ya atomu ilivyosahihishwa mwaka 1913



Kila mwenyeji wa Kisangani anayajua maporomoko ya Wagenia. Wavuvi hufunga vikapu vyao vikubwa kwenye miti iliyosimamishwa kati ya mawe, na maji hupita pale kwa nguvu nyingi. Mtu akisimama karibu, jua likiwa mgongoni mwake, ataona katika nyunyu za maji upinde mdogo wa mvua: nyekundu, manjano, kijani, buluu, zambarau. Watoto huushangaa, wazee hupita na njia yao. Lakini ndimo humo, katika rangi hizo, watu wenye elimu waliposoma habari za atomu, na habari za nyota ambazo hakuna mtu atakayefika kwazo.

Sisi wenyewe tulipata habari hiyo mara ya kwanza kwa namna mbaya. Tulikuwa vijana katika kalasi za juu za skuli moja. Mwalimu aliandika ubaoni hesabu ya mistari ya idrojeni, akatuambia tuishike kwa moyo, kwani itaulizwa katika mtihani. Mwenzetu mmoja akainua mkono, akauliza: «Hiyo 4 iliyo chini ya mstari imetoka wapi?» Mwalimu akajibu: «Imetoka kitabuni.» Tukacheka. Tukaishika hesabu, tukafaulu, tukasahau. Hatukuonyeshwa chupa ya idrojeni inayowaka, wala rangi yake moja. Ilipita miaka mingi kabla ya kufahamu kwamba swali la mwenzetu lilikuwa swali zuri kuliko yote ya mwaka ule, na kwamba watu wakubwa wa Ulaya walishindana juu ya swali la namna hiyo.

Basi tunataka kusimulia mashindano hayo, kwani yanatufundisha kitu juu ya elimu na juu ya unyofu wa moyo.

I. Neno la mwalimu wa filozofia

Wanafunzi wa filozofia wanamjua Auguste Comte wa Ufaransa. Mwaka 1835 aliandika kwamba tunaweza kupima ukubwa wa nyota, umbali wao na mwendo wao, lakini hatutaweza hata siku moja kujua zimefanyizwa na vitu gani. Neno hili lilionekana kuwa la busara. Nani atakwenda kuchota kipande cha nyota?

Comte alikufa mwaka 1857. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1859, Kirchhoff na Bunsen, walimu wa Heidelberg katika nchi ya Wadachi, wakaonyesha kwamba kila kitu, kikichomwa mpaka kuwa mvuke wenye kuwaka, hutoa rangi zake chenyewe, wala hazifanani na za kitu kingine. Msomaji anaweza kujaribu leo jioni: atupe chumvi kidogo katika moto wa kuni, ndimi za moto zitakuwa za manjano. Ile manjano ni alama ya sodiumu iliyo katika chumvi. Tukipitisha mwanga wa moto katika kioo cha pembe tatu, kinachoitwa prisma, tutaona mstari mwembamba wa manjano (kwa kioo kizuri sana, mistari miwili iliyokaribiana), mahali pamoja daima. Mstari huo ukionekana katika mwanga wa nyota, basi sodiumu iko katika nyota ile. Hivyo neno la Comte lilianguka, na kilichoangusha neno la mtu mkubwa ni moto na kioo.

Kule Roma, Padri Angelo Secchi, Myezuiti, alikaa usiku kwa usiku akiupitisha mwanga wa nyota katika prisma. Alichunguza nyota zaidi ya 4000, akazigawa katika aina. Katika aina ya kwanza aliziweka nyota nyeupe zenye mistari minene ya idrojeni, kama Sirius. Hapa kwetu Kisangani, mnamo mwezi wa pili, Sirius hupita usiku karibu na utosi, nayo ndiyo nyota inayong'aa kupita zote. Mwenye kuitazama anatazama idrojeni.

II. Mwalimu wa Basel na hesabu yake

Idrojeni ndicho kitu chepesi kupita vyote. Mistari yake tunayoweza kuiona kwa macho ni michache: mmoja mwekundu, mmoja wa rangi ya maji ya bahari, miwili ya buluu na zambarau. Vipimo vyao ni nanometa 656,3; 486,1; 434,0 na 410,2. Vipimo vilijulikana vema, kwani Ångström wa Uswidi alikuwa amevipima kwa uangalifu mkubwa. Lakini kwa nini vipimo hivi, wala si vingine?

Aliyefumbua kwanza hakuwa mtu wa sifa. Johann Balmer alikuwa mwalimu wa hesabu katika skuli ya wasichana, mji wa Basel, Uswisi. Mwaka 1885, akikaribia miaka 60, alitoa hesabu moja fupi. Tunaiandika kwa namna iliyonyoshwa na Rydberg wa Uswidi miaka michache baadaye: chukua namba moja isiyogeuka, uizidishe kwa (1/4 toa 1/9), utapata mstari mwekundu, kwa (1/4 toa 1/16), utapata wa pili, kwa (1/4 toa 1/25), utapata wa tatu, na kuendelea. Hizo 4, 9, 16, 25 ni 2, 3, 4, 5, kila moja ikizidishwa na yenyewe. Namba isiyogeuka inaitwa namba ya Rydberg. Kwa idrojeni ni kadiri ya 109 678 kwa kila sentimeta.

Hesabu iliingia sawasawa. Lakini Balmer hakujua kwa nini. Kama mwalimu wetu, angeweza tu kusema kwamba 4 imetoka katika vipimo.

Tukumbuke mwaka ule 1885. Mwezi wa pili, wakubwa wa Ulaya walimaliza mkutano wao wa Berlin, wakamwachia mfalme Leopold II nchi yetu. Hapa Stanley Falls palikuwa na kituo kidogo kilichowekwa mwishoni mwa 1883, na nguvu ilikuwa mikononi mwa Tippu Tip na watu wake. Mwaka uleule, tarehe 7 ya mwezi wa kumi, mtoto mmoja alizaliwa Copenhagen, nchi ya Denmark: Niels Bohr. Tutamkuta tena.

III. Nyota isiyoonekana Copenhagen

Edward Pickering alikuwa mkubwa wa nyumba ya kuchunguza nyota ya Harvard, Marekani. Nyumba hiyo ilikuwa na tawi upande wa kusini, mjini Arequipa, katika nchi ya Peru. Kutoka huko zilitumwa sahani za kioo zenye picha za nyota za kusini. Mwaka 1896 Pickering alitangaza ajabu iliyoonekana katika nyota moja ya kundi la Puppis, inayoitwa Zeta Puppis. Mistari ya Balmer ilikuwamo, lakini katikati ya mistari hiyo ilikuwamo mingine, mmoja mmoja, kama mtu aliyepanda safu ya pili ya mihogo katikati ya safu ya kwanza.

Nyota hii si ya wageni kwetu. Mwanzo wa mwezi wa tatu, kati ya saa tatu na saa ine ya usiku, anayesimama ukingoni mwa mto hapa Kisangani na kuelekea kusini anaweza kuiona, ikiwa mawingu hayazuii: imepanda kidogo kupita nusu ya njia kati ya ukingo wa mbingu na utosi. Sirius iko juu zaidi upande wa kuume, Canopus iko chini upande huohuo. Ni nyota ya buluu, yenye moto mkali sana. Juu ya uso wake ni kadiri ya digri 40 000, na hali uso wa jua letu haufiki 6000. Lakini mtu wa Copenhagen hataiona nyumbani kwake hata akikesha mwaka mzima, kwani haipandi kamwe juu ya ukingo wa mbingu yake. Sisi tuliokaa karibu na ikweta tunaziona nyota za kaskazini na za kusini.

Pickering alifikiri mistari ile mipya ni ya idrojeni pia. Kwa nini? Kwa sababu hesabu ya Balmer ilikubali, ila sherti uingize nusu: badala ya 3, 4, 5, uweke 2½, 3½, 4½. Rydberg mwenyewe akakubali. Akakisia kwamba iko mistari mingine tena ya jamaa hiyo, mmoja wao karibu na nanometa 468,6. Mwaka 1912 Alfred Fowler, mwalimu wa London, mmoja wa mafundi wakubwa wa mistari ya mwanga katika dunia, alipitisha umeme wenye nguvu katika chupa yenye idrojeni na eliumu zikichanganyika. Mstari wa 468,6 ukatokea, pamoja na mingine. Watu wengi wakasema: shauri limekwisha, ni idrojeni.

IV. Ngazi ya Bohr

Mwaka 1897 ulikuwa mwaka wa mambo mawili. Hapa kwetu, siku ya Noeli, Padri Gabriel Grison aliweka misioni ya Saint-Gabriel. Kule Cambridge, mwaka uleule, J. J. Thomson alionyesha kuwako kwa elektroni, kitu kidogo sana chenye umeme. Mwaka 1911 Rutherford wa Manchester akaonyesha kwamba katikati ya atomu mna kiini kidogo chenye uzito karibu wote. Basi elektroni inakaaje kando ya kiini bila kukianguka? Hakuna aliyejua.

Mapema katika mwaka 1913, Bohr, kijana wa miaka 27, aliisikia hesabu ya Balmer kwa rafiki, akafahamu mara moja. Tunaieleza kwa mfano wa ngazi. Elektroni ya idrojeni haikai popote inapopenda. Inakaa juu ya vidato vya ngazi, wala si kati ya kidato na kidato. Ili kuing'oa kabisa kutoka kidato cha kwanza, sherti nguvu ya elektronivoliti 13,6. Kutoka kidato cha pili, robo yake, yaani 3,4. Kutoka cha tatu, sehemu ya tisa, 1,51. Kutoka cha ine, sehemu ya kumi na sita, 0,85. Elektroni ikishuka kutoka kidato kimoja mpaka kingine, nguvu inayobaki hutoka kama mwanga wa rangi moja. Ikishuka kutoka cha tatu mpaka cha pili, hutoa 1,89: ndio mstari mwekundu. Kutoka cha ine mpaka cha pili, hutoa 2,55: ndio mstari wa pili.

Hapo swali la mwenzetu likapata jibu. Ile 4 ni kidato cha pili, mbili mara mbili. Mistari yote ya Balmer ni safari zinazoishia kidato hicho. Tena Bohr aliitoa namba ya Rydberg katika vipimo vya elektroni yenyewe: uzito wake, umeme wake, na namba ya Planck.

Lakini ngazi ya Bohr haina nusu ya kidato. Mistari ya Zeta Puppis basi? Bohr akasema: si idrojeni, ni eliumu iliyopoteza elektroni moja kati ya mbili zake. Eliumu hiyo imebakiwa na elektroni moja tu, inafanana na idrojeni. Ila kiini chake kina umeme mara mbili, na ngazi yake ina nguvu mara ine. Kidato cha kwanza ni 54,4. Cha pili 13,6. Cha ine 3,4. Cha sita 1,51. Msomaji aangalie: kidato cha ine cha eliumu hii ni sawa na cha pili cha idrojeni, na cha sita ni sawa na cha tatu. Ikishuka kutoka cha sita mpaka cha ine, itatoa rangi karibu ileile ya mstari mwekundu wa Balmer. Na safari za kutoka cha saba au cha tisa zitaangukia katikati ya mistari ya idrojeni, palepale Pickering alipoiona mistari mipya.

Tunaona neno la ajabu. Hesabu ni moja, masomo ni mawili. Ukisema «idrojeni yenye nusu», namba zinakubali. Ukisema «eliumu yenye elektroni moja», namba zinakubali vilevile. Nani atakata shauri?

V. Sehemu ndogo baada ya ine

Kwanza, fundi mmoja wa Manchester, Evans, alipitisha umeme katika eliumu iliyosafishwa, bila idrojeni kuonekana. Mstari wa 468,6 ukatokea, na mistari ya idrojeni haikutokea. Neno hili lilimsaidia Bohr sana.

Fowler hakukubali upesi, wala hatumlaumu. Alikuwa mtu wa vipimo, akatoa jibu la mtu wa vipimo. Mnamo mwezi wa tisa 1913 aliandika katika gazeti la *Nature*: kama Bohr ana haki, namba ya mistari hii sherti iwe namba ya Rydberg mara 4 kamili. Lakini vipimo vyangu havitoi 4 kamili, vinazidi kidogo. Kosa la vipimo haliwezi kuwa kubwa hivyo.

Bohr angeweza kusema: tofauti ni ndogo, tuiache. Hakusema hivyo. Alijibu katika mwezi wa kumi: nilihesabu kana kwamba kiini hakijongei hata kidogo, lakini kweli kinajongea. Wavuvi wetu watafahamu mara moja. Mtu akiruka kutoka mtumbwi mdogo, mtumbwi unarudi nyuma. Akiruka kutoka mashua kubwa ya shehena, mashua inarudi kidogo sana, lakini inarudi. Kiini cha idrojeni ni kizito mara 1836 kuliko elektroni, kiini cha eliumu karibu mara 7300. Basi kila kimoja kinajongea kwa kadiri yake, na namba ya Rydberg si ileile sawasawa kwa vyote viwili. Tukihesabu upya, badala ya 4 tunapata 4,0016. Na vipimo vya Fowler vilikuwa vimetoa hiyo 4,0016.

Fowler akakubali. Mwaka 1914, aliposema mbele ya Royal Society ya London, aliiweka mistari ile upande wa eliumu, akaendelea kutafuta mistari ya namna hiyo katika vitu vingine. Mabishano hayakumpotezea heshima. Tena, bila pingamizi lake, ile 0,0016 ingelala kitabuni, na elimu ya Bohr ingekosa ushuhuda wake mkubwa.

VI. Atomu hizi na nchi yetu

Msomaji asifikiri kwamba eliumu yenye elektroni moja inakaa katika nyota tu. Rutherford na Royds walikuwa wameonyesha, mwaka 1909, kwamba chembe za alfa zinazoruka kutoka radiumu na vitu vya jamaa yake ni viini vya eliumu. Kiini hicho, kikipungua mwendo, kinashika elektroni moja, kisha ya pili. Kati ya ya kwanza na ya pili, ni atomu ileile ya Zeta Puppis. Basi ndani ya mawe ya uraniumu ya Shinkolobwe, kule Katanga, yaliyovumbuliwa mwaka 1915, atomu hizi zilizaliwa na kupita kila siku, tangu zamani sana, kabla ya mchimbaji yeyote. Mawe yale yalitumika kwa kutoa radiumu ya kutibu wagonjwa, baadaye kwa bomu la 1945. Elimu ile moja ilitumika kwa kutibu, ikatumika na kwa kuua.

Elimu yenyewe haikusimama. Mwaka 1926 Schrödinger alionyesha kwamba elektroni haizunguki kiini kama mwezi unavyozunguka dunia, jinsi Bohr alivyofikiri. Mwaka 1947 Lamb na Retherford walipata tofauti ndogo mno katika kidato cha pili cha idrojeni, na tofauti hiyo ikafungua mlango mwingine. Mzunguko wa Bohr umeachwa; ngazi imebaki. Na siku hizi, katika milipuko ya jua, vyombo vinavyorushwa juu huona hata chuma iliyopoteza elektroni 25 kati ya 26, ikabaki na moja. Ngazi yake ina nguvu mara 676 kupita ya idrojeni, kwani 26 mara 26 ni 676. Hesabu ya mwalimu wa Basel imefika huko.

VII. Neno la mwisho

Katika mji wetu chuo kikuu kilianza mwaka 1963, kikapita katika vita na shida nyingi. Vyombo ni vichache mpaka leo, na katika skuli nyingi mwanafunzi bado anashika kwa moyo asichokiona. Hatumlaumu mwalimu asiye na chupa ya idrojeni. Lakini tusiseme kwamba hatuna kitu. Chumvi iko, moto uko. Sahani ya CD iliyokwaruzika, isiyofaa tena kwa muziki, ikiinamishwa chini ya taa ya mrija, huonyesha mistari ya zebaki iliyo ndani ya taa: wa kijani na wa buluu, umetengana, si upinde mzima kama wa Wagenia. Mtoto akiona hivyo mara moja, atauliza kwa nini. Na nyota ya Pickering iko juu ya vichwa vyetu, haidai malipo.

Vilevile tunakumbuka Comte, aliyewawekea watu mpaka na mpaka ukavunjika. Na Pickering na Rydberg, waliofuata hesabu nzuri ikawapoteza njia. Na Fowler, aliyeamini vipimo vyake kuliko sifa ya yeyote, hata sifa yake mwenyewe. Mwenye kutafuta kweli anaogopa mambo mawili: kusema «haiwezekani» upesi, na kusema «tofauti ni ndogo» upesi.

Mwenzetu aliyeuliza juu ya ile 4 hakuendelea na masomo. Alirudi kwao kando ya mto. Tulipokutana naye mwaka uliopita, tulimwambia: «Ndugu, ile 4 ni kidato cha pili.» Alifikiri kidogo, kisha akauliza: «Na kidato cha kwanza, mistari yake iko wapi?» Tukamjibu kwamba iko, aliiona Lyman wa Marekani tangu mwaka 1906, katika mwanga ambao macho yetu hayauoni. Akatikisa kichwa, akasema: «Basi mwalimu angetuambia tu.»